Piesi Nne, Watu 27

 

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye harusi moja, sitasema ya nani. Mpiga picha akaita, "Sasa jamaa ya bibi harusi!" Watu wakajipanga, wote katika kitenge kimoja cha kijani chenye maua ya manjano. Mama mdogo wa bibi harusi akaja kusimama pembeni. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha kahawia, kisafi, kimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Msichana wa kamati akamgusa bega, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, samahani, hii ni ya wenye unifomu." Yule mama akacheka kidogo, akarudi kitini kwake. Ndiye aliyemlea bibi harusi tangu akiwa na miaka minne.

Mimi ni mshonaji. Nimekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana, na unifomu za jamaa zimenilipia karo za watoto. Kwa hiyo msidhani nimekuja hapa redioni kuwatukania kitenge. Ninachotaka kusema ni kwamba tunakishona kinyume. Tunaanzia dukani na kuishia kwa watu, badala ya kuanzia kwa watu.

Utaratibu mnaujua. Kamati inakaa Goma. Watu wawili wanashuka madukani Birere, wanachagua kitenge kinachowapendeza wao, wanakipiga picha, picha inazunguka kwenye simu: hiki hapa, bei ni hii, siku ya mwisho kulipa ni hii, kila mtu mzima piesi yake. Aliye Mushaki anayeuza viazi analipa sawa na aliye Goma mwenye mshahara. Asiyelipa, basi, aje na nguo yake. Na akija na nguo yake, mmeona yanayompata.

Sasa tupige hesabu kidogo. Piesi moja ni yadi 6, kama mita 5 na nusu. Kwa mavazi ya mama zetu yadi hizo zinagawanyika vizuri kabisa: yadi 2 libaya, yaani blauzi, yadi 2 kikwembe cha kuvaa, yadi 2 kikwembe cha pili cha kufunga juu au kubebea mtoto. Huo ndio utimilifu wa mwanamke wa Kongo, na ni mzuri, sibishi. Lakini ni utimilifu wa mtu mmoja. Ukiuzidisha kwa ukoo mzima unakuwa kodi.

Agosti 2019 mdogo wangu aliolewa Masisi-Centre. Baba yetu ni mtu wa Masisi, mama yetu anatoka Walikale, kwa hiyo tulikuwa na watu wa kuja kutoka pande zote mbili za msitu. Kwa wasiolijua eneo letu, Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na wajomba zetu walitumia siku mbili kwa pikipiki kutufikia. Nikachukua daftari la mtoto, nikaandika majina. Wanawake 9, wanaume 7, watoto 11, kati yao wasichana 6 na wavulana 5. Jumla watu 27. Kwa hesabu ya kamati, watu wazima 16 ni piesi 16, yaani yadi 96, na watoto bado hatujawagusa. Pesa ya likelemba, akiba tunayochangiana kwa zamu, ilitosha piesi nne.

Shangazi yangu mkubwa akasema, "Basi wavae wale wa meza ya mbele tu." Nikamwambia, "Shangazi, niachie siku tatu."

Kwanza nilifungua masanduku. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza kila mtu ana nini tayari. Nikakuta kitu ambacho nilikuwa nakiona kila asubuhi bila kukiona: watoto wote wana shati jeupe. Nchi hii nzima, kuanzia Matadi mpaka Pinga, mwanafunzi anavaa juu nyeupe, chini buluu. Hata mtoto asiye na viatu ana shati jeupe la shule, au la kaka yake. Wanawake wa kanisa kila mmoja ana blauzi nyeupe. Wanaume, ukiwabana, shati jeupe linapatikana, hata kama ni la kuazima. Basi nusu ya unifomu ilikuwa imekwisha kushonwa na kulipwa zamani. Iliyobaki ni kutafuta kitenge kitakachokubaliana na nyeupe na buluu ya shule.

Kwa hiyo nilipokwenda sokoni sikuwa natafuta kitenge kizuri. Nilikuwa natafuta kitenge cha buluu. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Wanaingia dukani mikono mitupu na macho wazi, na muuzaji anawafunulia mlima mzima.

Niseme pia neno juu ya majina ya vitenge, maana ilibaki kidogo tuaibike. Shangazi alikuwa ameleta kipande cha mfano, ndege wanatoka kwenye kizimba, buluu safi kabisa. Nikamuuliza kama anajua jina lake. Hakujua. Wafanyabiashara wanakiita "Ukitoka, nami natoka", na kila mwanamke wa mjini anajua maana yake: mume ukienda kuzurura, mimi pia nina miguu. Uwavalishe jamaa nzima maneno hayo siku ya harusi! Kipo kingine kinachoitwa jicho la mke mwenza. Vitambaa hivi vilianza mbali, Waholanzi wakiiga batiki za Java. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond imekuwepo tangu 1846. Uholanzi wanachora, mama zetu sokoni wanabatiza. Na jina la sokoni ndilo linalobaki. Ulizeni jina kabla ya kulipa.

Tulichukua kitenge cha kichina, cha duara za buluu na nyeupe, hakina jina la kumuudhi mtu. Waksi ya Uholanzi ni nzuri, inadumu kuliko ndoa nyingine, lakini kwa bei ya piesi moja ya Uholanzi unapata kadhaa za China.

Sasa mikasi. Wanawake 9, kila mmoja kikwembe cha yadi 2: yadi 18, piesi tatu zimekwisha. Hakuna libaya, blauzi nyeupe ya kila mtu ndiyo libaya. Kikwembe hakihitaji fundi, kinapindwa ncha mbili na kufungwa kiunoni. Mnene anafunga, mwembamba anafunga, mjamzito anafunga, na mwakani anafunga tena hata kama amebadilika mwili. Wenzetu wanaosema Kinyarwanda kule Masisi wana hekima hiyo kwenye mishanana: kitambaa kinazunguka mwili, kinapita begani kwa fundo, na dada watano wanaweza kuazimana mmoja bila kugusa sindano. Nguo iliyokatwa sana kwa kipimo cha mtu ni ya mtu huyo tu. Ya kufunga ni ya jamaa.

Ikabaki piesi moja, yadi 6, na watu 18 ambao hawajaguswa.

Wasichana 6, mkubwa wao miaka tisa. Upana wa kitenge ni kama sentimita 116 mpaka 120, kwa hiyo nusu yadi inatosha sketi ya mtoto: unashona ubavu mmoja, unapinda chini, unapitisha lastiki kiunoni. Dakika 20 kwa cherehani ya kukanyaga, kama uzi haukatiki. Yadi 3 zimekwenda.

Wanaume 7 na wavulana 5 ni 12. Sikuwashonea mashati. Niliwashonea mfuko wa kifuani na utepe wa kola juu ya mashati yao meupe, kwa mkono, mishono mirefu inayofumuliwa kirahisi, ili shule zikifunguliwa mtoto arudi darasani bila kufukuzwa na mwalimu wa nidhamu. Yadi 2 zilitosha na chenga zikabaki.

Yadi ya mwisho niliikata vipande 9 kwa kufuata upana wa kitambaa, kila kimoja kama sentimita 10, vikawa vitambaa vya kichwa vya wale wanawake 9. Wale wasiopenda kufunga kichwa walivifunga mkononi. Piesi nne, watu 27.

Mnaona nimesema "nilikata", "nilishona", kana kwamba nilikuwa peke yangu. Uongo. Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo, na ndiyo sababu nasema unifomu ishonwe nyumbani ikiwezekana. Jioni tatu uwanja wetu ulijaa. Mjomba mzee ambaye hakujua kushona alipewa pasi ya makaa, akawa mkali wa mikunjo kuliko askari. Watoto waliokota pini. Mawifi wawili ambao walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka waliketi kwenye kikwembe kimoja, huyu anapinda upande huu, yule upande ule, na upindo ulipokutana katikati ilibidi waongee. Waliongea juu ya uzi. Ni mwanzo.

Makosa yalikuwepo. Sikufua kitenge kabla ya kukata. Najua, najua, fundi mzima. Kitenge cha bei ndogo kinatoa rangi na kinajikunja. Kinatakiwa kulala usiku mmoja katika maji, kisha kianikwe kivulini. Mimi nilikuwa na haraka. Mvua ilitunyeshea tukitoka kanisani, na mashati matatu meupe yakapata ramani ya buluu kifuani. Mama mmoja bado ananikumbusha.

Kosa la pili ni la hewa. Nyumba yetu iko juu, vilima vya Masisi vinapita mita 2,000, na jioni baridi inauma. Wa Masisi wakavaa majaketi juu ya mifuko yangu mizuri, ikafichika yote. Wa Walikale, waliozoea joto la msituni, walikuwa wakitetemeka tangu saa sita na hawana hata jaketi la kufichia. Siku hizi nikipewa unifomu ya milimani, kitenge nakiweka mahali ambapo jaketi haliwezi kukifunika: kichwani, chini ya magoti, au skafu juu ya jaketi lenyewe. Na upindo wa chini haufiki kifundoni. Barabara ya Sake mpaka Masisi mnaijua. Tope letu halina unifomu.

La tatu halikuwa kosa. Wajomba walifika na wavulana wawili ambao hawakuwa kwenye daftari langu. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani aliyebaki peke yake kijijini, mwingine sikuuliza. Walisimama mlangoni wakitazama watoto wengine wenye mifuko ya duara. Nikaenda kwenye kikapu cha chenga. Mifuko miwili ilitoka humo, mmoja umeungwa vipande vitatu, na hakuna aliyeona. Kwa hiyo kwenye picha ya jamaa ya bibi harusi mtahesabu vichwa 29. Ndiyo faida ya kukata mwenyewe: chenga zinabaki kwako. Kwa fundi wa mjini chenga zinabaki kwa fundi, na hilo nalisema nikiwa fundi.

Kuna anayeniambia kwamba mambo ya kuvaa sawa ni ya Mobutu. Hapana, ingawa namuelewa. Mama yangu alikuwa msichana enzi za Zaire, akacheza kwenye vikundi vya uhamasishaji vya MPR, chama cha Mobutu, wote wakiwa katika kitenge kimoja chenye uso wa rais. Suruali ilikatazwa kwa wanawake, kitenge kikawa sheria. Mama anasema siku za sherehe za 20 Mei, sikukuu ya chama, walisimama juani tangu alfajiri, na ole wako usahau kitambaa. Ile ilikuwa unifomu ya kuhesabiwa na mkubwa. Kila 8 Machi nasikia harufu yake kidogo, pale idara au shirika linapowatangazia wanawake kitenge cha kununua, na asiyenunua anaangaliwa kama mtu aliyekataa haki za wanawake. Binti anayelipwa kidogo kuliko wote ofisini ndiye anayehangaika zaidi kukipata. Siku ya wanawake hiyo.

Wala si sisi peke yetu. Kule Nigeria Wayoruba wanaita aso ebi, maana yake nguo ya jamaa, na huko pia watu wanalalamika kuwa mwenye sherehe anawauzia wageni kitambaa. Dar es Salaam wana sare zao. Lakini pwani wana kitu kimoja ninachokionea wivu: khanga inauzwa kwa doti, vipande viwili vilivyofanana, na dada wawili wanaweza kununua doti moja wakaikata katikati, kila mmoja akaondoka na chake kizima. Biashara yenyewe imekubali kwamba mtu ana ndugu. Sisi tumefungiwa katika yadi 6.

Nilifikiri nisiseme habari za vita leo. Lakini siwezi kuzungumza juu ya masanduku ya nguo na watu wa Masisi na Walikale nikajifanya masanduku yapo. Vita vilifika Masisi-Centre Januari 2025, mwezi huo huo vikaingia Goma, na Machi vikafika Walikale-Centre. Watu wamekimbia na walichovaa. Benki za Goma zilifungwa, na likelemba nyingi zimevunjika kwa sababu waliokuwa wanaweka wametawanyika. Halafu harusi hazikusimama. Watu wanaoa kambini, wanaoa kwa wenyeji waliowapokea, mahari inahesabiwa kwa ahadi. Na kamati bado zinatuma picha ya kitenge na bei!

Mwezi uliopita walinijia vijana wawili wanaotaka kufunga ndoa, jamaa ya watu 40 hivi, wametapakaa kati ya Goma, Minova na Mubi. Walikuwa na pesa ya piesi moja. Walikuja kwa aibu, wakidhani nitawacheka. Tulikaa tukapiga hesabu. Yadi 6 ni sentimita kama 549. Ukikata kwa upana, kila ukanda sentimita 12, unapata kanda 45. Kila mtu ukanda mmoja, mrefu kama mita moja na kidogo: mwanamke afunge kichwani, mwanamume shingoni kama tai, mtoto kiunoni. Wavae chochote walicho nacho, hata suruali ya msaada. Wa Mubi hawataweza kuja. Ukanda wao utapanda pikipiki ya mtu anayepita, watajipiga picha huko huko na kuituma. Kukata na kupinda kanda 45 ni kazi ya siku moja kwa watu watatu. Sikuwatoza.

Mnaojiandaa kwa Agosti, likizo ya watoto na kiangazi, ombi langu ni hili. Msianze na duka. Chukueni daftari, andikeni majina yote, muanze na yule ambaye mna hakika hatalipa, kisha fungueni masanduku mwone rangi gani mnayo tayari. Ongezeni nafasi mbili za watu ambao hawajatajwa, maana watakuja. Pesa isipotosha wote, punguzeni kipande cha kila mtu, msipunguze watu. Lowekeni kitambaa katika maji usiku mzima kabla ya kukata. Hifadhini chenga.

Na wanaonipigia simu kuniuliza nashona unifomu kwa bei gani, nitawajibu. Ila kwanza mniambie mko wangapi, na yule mama mdogo mmemwandika?